Mchezo wa Ramani, Toleo la Geita

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, wapenzi wa michezo ya kuigiza mezani, yaani ile ambayo kila mchezaji huvaa uhusika na dadu zikaamua hatima yake, wamejivunia kubuni nchi nzima kwa kushirikiana, mmoja akichora mto na mwingine akiweka ufalme ng'ambo yake. Majivuno hayo yangepungua kidogo kama wangepita Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Geita kwa vipande vya Mwanza, Shinyanga na Kagera, na wakazi wake wakahama mkoa bila kufunga hata mzigo mmoja.

Ustadi mkubwa zaidi, hata hivyo, umo kwenye leseni za madini. Juu ya ardhi ileile mkulima huchora shamba la pamba, ofisi ya madini huchora mraba wa utafiti, na mchimbaji mdogo, ambaye dira yake ni rashi, yaani mkurupuko wa watu kukimbilia dhahabu iliyosikika jana, huchora duara, ndilo shimo lake, kwa sururu. Mezani, ramani zikigongana, msimamizi wa mchezo hukata shauri usiku uleule; huku kwingine shauri huzeeka pamoja na washiriki wake. Kwa ugumu wa kanuni, toleo la Geita limewaacha mbali Wamarekani, kwani aliyeshindwa hawezi hata kukunja ramani akarudi nyumbani: nyumba yenyewe imo ndani ya mraba.