Sifa za Kunguni, Mgeni Asiyegongewa Muhuri

Tarehe 5 Oktoba 2019, Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja badala ya mbili. Jambo jema. Lakini haki itendeke: yupo mkazi wa mpakani aliyekwisha kuufuta urasimu huo zamani, bila jiwe la msingi wala hotuba. Kunguni huvuka akiwa kwenye pindo la begi, ndani ya godoro lililofungwa kwenye keria, au katika mshono wa kiti cha basi, na hajapata kuulizwa pasipoti. Shilingi na kwacha kwake ni mamoja. Hata ile saa moja inayotofautisha saa za Tunduma na za Nakonde haimpi shida, kwa kuwa yeye hufuata joto la mwili na pumzi ya aliyelala.

Mji wa Tunduma wenyewe umemfaa. Reli ya TAZARA inapita hapa, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaleta malori ya mafuta, shaba na kila kitu cha katikati. Foleni ikikaza, dereva hulala kwenye kebini au huchukua chumba cha gesti; kesho yake kitanda kilekile kina mtu mwingine. Kwa mdudu asiyeweza kuruka wala kupaa, huo ni usafiri wa bure wenye vituo hadi Lubumbashi.

Wapo wanaoapa kwamba kunguni wa Tunduma wametoka ng'ambo, na ng'ambo nao hawakosi wa kuapa kinyume chake. Wote wanamvunjia heshima. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ukoo wa kunguni una zaidi ya miaka milioni 100, yaani ulikuwepo enzi za dinosaria, kabla popo hajatokea na kabla binadamu hajaota kuwa na kitanda. Kati yake na sisi, mhamiaji anajulikana.

Asifiwe pia kwa kile asichokileta. Mbu huja na malaria, papasi na homa ya vipindi, chawa na homa ya tifasi. Kunguni hajathibitika kumwambukiza mtu ugonjwa wowote kwa kumuuma. Anachochukua ni damu kidogo na usingizi mwingi. Ni kweli kwamba ngozi iliyokunwa kupita kiasi huweza kuingia usaha, na kwamba wakizidi mno kitandani huweza kumpunguzia mtu damu, lakini mwenye sifa hizi hapendi kuzungumzia hayo mbele ya wageni.

Adabu zake mezani zinastahili aya nzima. Mate yake yana ganzi, ili mwenye nyumba asiamshwe, na yana kitu kinachozuia damu kuganda, ili mlo usikatizwe. Hula dakika 5 hadi 10, kisha hurudi ufani kwake. Alama huachwa mahali palipokuwa wazi: usoni, shingoni, mikononi, mabegani. Mara nyingi ni vipele vyekundu vinavyowasha, vimepangwa mstari au vimekusanyika fungu moja. Mbu huuma ovyo huku na huku, kiroboto hupenda miguu na vifundo, na upele wenyewe, ule ugonjwa, huanza kati ya vidole na kwenye viwiko. Hata hivyo kunguni ana ucheshi wake. Mume na mke wakilala kitanda kimoja, mmoja huamka amevimba na mwingine ngozi haina hata doa, kwa sababu miili haiitiki sawa; na alama huweza kuchelewa hadi wiki 2. Ndoa kadhaa zimeshuku mengine hapo.

Kwa hiyo ngozi peke yake si shahidi wa kutosha. Kunguni, kwa uaminifu ambao wapangaji wengi hawana, huacha saini. Madoa madogo meusi kwenye mshono wa godoro na kwenye shuka ni kinyesi chake, nacho ni damu iliyosagwa. Madoa mekundu ni ya yule aliyelaliwa akiwa ameshiba. Magamba mepesi ya rangi ya kahawia ni nguo alizovua, maana hujivua mara 5 kabla ya utu uzima na kila mara hudai mlo. Mayai ni meupe, urefu wa milimita 1, yamegundishwa kwenye nyufa za chaga. Mkubwa mwenyewe ana milimita 5 hadi 7, bapa kama punje ya dengu, na akishakula huvimba na kuwa mwekundu. Wakiwa wengi, chumba hunuka harufu nzito ya utamu uliochacha.

Wala haji kwa sababu ya uchafu. Shirika la Anses la Ufaransa lilieleza mwaka 2023 kwamba kaya 11 kati ya kila 100 nchini humo zilipata kunguni kati ya 2017 na 2022, na Paris ikatetemeka mwaka mmoja kabla ya Olimpiki. Aibu ndiyo chakula chake cha pili: mwenye gesti akificha, kunguni hunenepa.

Dawa? Karibu na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliripoti mwaka 2002 kwamba kunguni walikuwa wamejenga usugu dhidi ya dawa ya vyandarua. Kumwagia kitanda mafuta ya taa huchoma nyumba kabla ya kuchoma kunguni, na dawa ya mashambani chumbani humdhuru mtoto kwanza. Joto ndilo asiloliweza: shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, na maji yanayochemka yapite kwenye nyufa za chaga.

Mgeni wa Tunduma akikabidhiwa ufunguo, asiweke begi kitandani. Ainue godoro, amulike mishono na chaga kwa tochi ya simu. Akiona madoa, aombe chumba kingine, lakini si cha jirani, maana kunguni hupita kwenye nyufa za ukuta.