Viatu vya Kipaimara

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe, Kamati ya Mapokezi ya Baba Askofu, kigango kimoja kati ya Nachingwea na Ruangwa.



Ndugu Mwenyekiti, hongereni kwa kazi. Mawe yote kutoka barabarani hadi mlango wa kanisa yamepakwa chokaa, na mbuzi wa jirani aliyekuwa amelala katikati naye kapata mkono mmoja. Akina mama wa WAWATA wana kitenge kipya, kwaya ina chake, kamati ina chake chenye nembo, Baba Askofu asije akachanganya kamati na waumini. Waliokosa kitenge mmewawekea mabenchi ya nyuma kabisa, penye upepo. Huo ni upendo.

Ninaandika kwa ajili ya kijana wa Kipaimara mliyemrudisha nyumbani. Kwa miaka miwili hakukosa mafundisho, hata msimu wa kuokota korosho. Mwalimu wa dini alimuuliza vipaji saba vya Roho Mtakatifu, akavitaja vyote. Alipoona mwalimu kafurahi, akavitaja tena kuanzia mwisho. Kisha mjumbe wenu akatazama chini. Kandambili: moja ya bluu, moja ya kijani, na ya kijani imeshonwa kwa waya. Akaambiwa bila viatu vyeusi vya kamba aje mwakani.

Nimepekua Matendo ya Mitume, sura ya pili, nijue Petro alivaa nini miguuni siku ya Pentekoste. Mwandishi kapitiwa. Afadhali ninyi mmekumbuka. Ila, kwa taarifa ya kamati, krisma hupakwa kwenye paji la uso. Inayopakwa viatuni ni kiwi.

Na mafuta huku kwetu si jambo geni. Ufuta tunaulima wenyewe. Na mwaka 1947, serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga hapa Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaja kung'oa mapori, ikajengwa reli, na bandari Mtwara. Ukiangalia kwa mbali ungesema neema imeshafika. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea, na baadaye hata reli ikang'olewa. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mafuta.

Wale wanawali watano wapumbavu wa Injili nao taa walikuwa nazo. Pengine walikuwa na sare pia. Mjumbe wenu wa getini angewapitisha wote kumi bila kutikisa chupa ya hata mmoja.

Bajeti yenu nimeisoma ubaoni. Turubai, matarumbeta, spika mbili kubwa, keki yenye umbo la kofia ya Askofu. Mafungo ya watoto na kitubio viko mstari wa mwisho, vimeandikiwa kwa penseli: "muda ukiruhusu". Keki haikuandikiwa hivyo.

Basi Jumapili kijana atakuja na viatu vyangu, vyeusi, vya kamba, vimepigwa kiwi. Ni namba 43. Yeye anavaa 37, kwa hiyo mbele nimejaza magazeti. Naomba mumwachie nafasi pana kidogo pale mbele ya Askofu, kwa sababu kugeuka navyo ni shughuli.

Muumini wenu wa benchi la nyuma