Mjomba Waya: Mwaga Machozi, Usimwage Chai Kwenye Kibodi

Safu hii inapokea kilio chochote chenye plagi. Mambo ya mahari, mawifi na wapenzi wasiopokea simu yapelekeni kwa Shangazi, ukurasa wa pili. Yeye ana subira. Mimi sina.

*Mjomba, shikamoo. Nimenunua diski ya nje ya terabaiti 1. Kuichomeka tu, kompyuta inaniambia ni gigabaiti 931. Nimerudi dukani, muuzaji kasema zilizopungua zimeliwa na Windows. Nimeibiwa au sijaibiwa?*
*Mwenye Pengo, Tanga*

Marahaba, mpwa wangu. Hujaibiwa, ila muuzaji wako kadanganya bila sababu, maana ukweli ungemwokoa vizuri zaidi. Kiwanda kinahesabu kwa maelfu: kilobaiti ni baiti 1,000, megabaiti ni mara elfu ya hiyo, hadi ufike terabaiti, ambayo ni baiti trilioni moja. Windows inapanda kwa 1,024 kila ngazi. Gawanya trilioni moja kwa 1,024 mara tatu, utapata 931 na vichenji. Baiti zako zote zimo, wanaogombana ni wahesabuji wawili. Tangu 1998 hesabu hiyo ya pili imepewa majina yake rasmi, gibibaiti na nduguze, lakini Windows inaendelea kuandika GB kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Ichomeke diski hiyo hiyo kwenye Mac yenye mfumo wa 2009 au wa baadaye, itasomeka terabaiti 1 na utalala usingizi. Marekani watu walikosa usingizi hadi wakaenda mahakamani, na mwaka 2007 Seagate, watengeneza diski, ikakubali kumaliza kesi kwa kuwarudishia wateja asilimia 5 ya bei au kuwapa programu ya kuhifadhi nakala.

Wizi wenyewe uko rafu ya jirani. Ile flashi ya "terabaiti 2" inayouzwa kwa bei ya chipsi mayai na soda ndani yake ina chipu ya gigabaiti 32, pengine 16, na kidhibiti kilichopangwa upya ili kiidanganye kompyuta. Utaijaza picha za harusi, majina ya mafaili yataonekana yote, yamejipanga kwa heshima. Fungua la mia tatu, hamna kitu. Chipu ikishajaa, flashi inaandika juu ya yale ya mwanzo au inayatupa yanayofuata bila kukuambia. Ziko programu za bure za kuikamata, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac: zinaijaza flashi hadi pomoni, kisha zinasoma tena kile zilichoandika. Kipimo kinakula saa nyingi, kwa hiyo patana na muuzaji habari ya kurudisha kabla hujatoa hela. Akikataa kupatana, umeshapima.

*Bwana Waya. Nyumba yangu iko Mji Mkongwe na nalipia faiba ya megabiti 20. Nikipakua filamu, kompyuta inaonyesha 2.3 peke yake. Chumbani ndiyo haifiki kabisa, na ruta nimeitunza vizuri ndani ya kabati la televisheni isipate vumbi. Nimempigia kijana wa huduma kwa wateja nikampa maneno yake. Nifanye nini zaidi?*
*Hajjat Asiye na Kasi, Unguja*

Shikamoo, Bi Mkubwa. La kwanza, umtake radhi yule kijana. Kampuni inauza megabiti, kompyuta inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ishirini gawa kwa nane ni 2.5. Kidogo kinaliwa na anwani ambazo kila kipande cha data husafiri nazo, inabaki hiyo 2.3 yako. Umepewa haki yako karibu yote, jambo ambalo katika soko hili ni la kupigiwa vigelegele. Wahandisi wa mawasiliano wamepima kwa biti tangu enzi za modemu za simu, na watu wa matangazo hawakuona sababu ya kuwasahihisha, kwa kuwa 20 inavutia kwenye bango kuliko 2.5.

La pili, itoe ruta kabatini, tena leo. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtu anaketi dirishani na miguu yake haining'inii nje. Zilijengwa kuzuia joto, na zinazuia Wi-Fi kwa ufundi ule ule. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi, lakini kuta mbili yameshazimia. Ya 2.4 yanapenya zaidi, ila majirani wote wamo humo pamoja na tanuri zao za mikrowevu. Usidanganywe ukanunua vile vidude vya kurusha Wi-Fi mbele: vinadaka mawimbi dhaifu chumbani na kuyarudisha na udhaifu wao. Pitisha waya wa Ethaneti, ambao unakwenda mita 100 bila kulalamika, uambaze na ngazi, kisha mwisho wake uweke kituo cha pili cha Wi-Fi. Ukuta usiutoboe. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na hata usingekuwemo, chokaa ile ikianza kumomonyoka haina simile.

Nina msimamo mkali hapa, na barua za kunipinga sitazifungua: kompyuta isiyohama isiguse Wi-Fi. Wi-Fi ni ya simu na ya wageni.

Tena, Bi Mkubwa, mnaolalamikia 2.3 mmesahau tulikotoka. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, safari ya data kutoka kwetu kwenda ng'ambo ilipitia zaidi setilaiti zilizo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lipande, lishuke. Jibu lipande, lishuke. Karibu nusu sekunde inaishia angani, uwe tajiri namna gani, kwa sababu mwanga haupokei rushwa. Mwaka huo huo ukaja mkongo wa TEAMS, Mombasa hadi Fujairah, na 2010 EASSy. Kwa hiyo ile 20 unayolipia ni kasi ya kutoka barazani kwako hadi kwa kampuni. Kuanzia hapo ni bahari, na bahari haina mkataba nawe. Jumapili ya 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja huko kusini, na Tanzania na Kenya watu wakashinda wanazima ruta na kuziwasha. Siku kama hiyo ruta haina kosa lolote. Iache.

*Mjomba, mume wangu ni mhasibu. Anataka shilingi elfu sitini za kununua kadi ya picha, eti hesabu za mwisho wa mwaka zimekuwa nzito. Nimpe?*
*Mke wa Mhasibu, Nakuru*

Usimpe. Excel inataka RAM na SSD, na vyote viwili utavipata kwa sehemu ndogo ya hizo elfu sitini. Mnunulie kwa mkono wako mwenyewe. Akiendelea kununa, muulize mchezo unaitwaje.

*Mjomba, shikamoo. Nina laptopu ya mtumba kutoka Uingereza. Fundi alinipigia Windows 10 na Office "za milele" kwa elfu kumi na tano. Milele imeisha mwezi wa nne: kwenye kona ya skrini kuna maandishi yananidai, na Office imejaa mistari myekundu. Mwenzangu ofisini anasema hata hiyo Windows 10 yenyewe imeshakufa. Mshahara wetu unaujua. Nifanyeje?*
*Mwalimu wa Historia, Iringa*

Marahaba, mwalimu. Kaa chini, maana huenda fundi wako alikuuzia kwa wizi kitu ulichokuwa nacho kwa halali.

Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za maofisi, na zilitoka kiwandani na leseni ya Windows. Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, viwanda huuchoma ufunguo wa leseni ndani ya chipu iliyoko kwenye mazabodi. Ukipiga toleo linalofanana na ufunguo huo na ukaunganisha intaneti, mashine inajitambulisha yenyewe. Lakini mafundi wetu wana flashi moja wanayompigia kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho. Mashine imezaliwa na Home, yeye anapiga Pro, kisha anaziba pengo kwa kikraki, kiprogramu cha kukwepa leseni. Kikraki kikichoka, unaona maandishi. Hifadhi kazi zako pembeni kwanza, pakua Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe (kupakua hakulipiwi), upige toleo sahihi. Jua tu kwamba leseni ya kiwandani ni ya mazabodi ile ile. Ikiungua, leseni inazikwa nayo. Inayohamishika ni ile inayouzwa peke yake dukani, na bei yake inalijua hilo.

Kuhusu kikraki chenyewe: kabla hakijafanya kazi, kinakuomba uzime antivairasi. Mwalimu, mgeni wa usiku akikuomba umfunge mbwa kwanza ndipo aingie, utamfungulia? Kisha fundi anazima na masasisho ili Microsoft wasigundue. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Mei yake ikaja WannaCry kupitia tundu lile lile, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Tiba ilikuwepo tangu miezi miwili nyuma.

Mwenzako wa ofisini hajakosea sana. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka kila asubuhi, ila matundu mapya hayazibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye nyongeza ya muda. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa kuanzia kizazi cha nane. Kama yako ni ya kizazi cha sita, ina nguvu za kuandika mitihani hadi ustaafu, lakini mlangoni haipokelewi. Hapa ndipo presha yangu inapopanda. Mashine nzima, skrini safi, kibodi ambayo wakubwa wa siku hizi wameshindwa kuirudia, inaitwa taka kwa uamuzi wa mezani.

Kwa hiyo ikiwa yako ni hiyo ya zamani, piga Linux Mint badala ya Windows, na uweke LibreOffice badala ya Office. Na kwa kuwa unafundisha historia, chukua na hii. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akiwaita wezi, kwa sababu walikuwa wananakiliana BASIC yake ya mashine ya Altair. Kwa hesabu yake, waliokuwa wameilipia hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Alikuwa na hoja. Mtu akikesha anaandika programu, atakula nini? Mwaka 1983 Richard Stallman akashika njia nyingine kwa mradi wa GNU, na 1989 ikatoka leseni ya GPL: nakili, badilisha, gawa, hata uza ukipenda, mradi unayempa apate haki hizo hizo pamoja na msimbo chanzo. Linux ya Linus Torvalds ikahamia chini ya leseni hiyo 1992. Ubuntu, ndugu yake Mint, walikuwa wakituma CD kwa posta bila malipo hadi 2011, na kuna masanduku ya barua mjini hapa yaliyopokea CD nyingi kuliko ankara. Hata Kiswahili kilikuwemo mapema: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, menyu zake zote kwa lugha yetu. LibreOffice ilichipuka 2010 kutoka kwenye msimbo wa OpenOffice hiyo hiyo.

Anayelipia leseni namheshimu, ingawa kuna wauzaji siku hizi hawakuuzii hata ukitaka. Adobe waliamua 2013 kwamba programu zao mpya ni za kupanga kwa mwezi, ukiacha kulipa wanachukua ufunguo. Anayetumia programu huria namheshimu zaidi. Nisiyemwelewa ni fundi anayekraki asubuhi, kisha jioni analia kijiweni kwamba programu yake ya kuendeshea duka la dawa watu wameinakili Mbeya nzima.

Nisikufiche shida za programu huria. Ratiba ya mkuu wa shule iliyochorwa kwenye Word itafunguka kwenye LibreOffice na majedwali yamesogea kama abiria wa daladala. Mitihani yako itume kwa PDF. Printa ijaribu kabla ya wiki ya mitihani, usiijaribu ndani yake. Na zile elfu kumi na tano usizidai. Fundi atakupa kikraki kingine.

*Mjomba, laptopu inazimika yenyewe kila nikiitumia nusu saa. Fundi wa kwanza kasema ni virusi. Wa pili kasema mazabodi. Wa tatu kasema kuna mtu ananionea kijicho.*
*Kijana wa Likoni, Mombasa*

Wa tatu angalau hakutaka kukuuzia kipuri. Ni joto, kijana. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi, ikishindwa inazima mashine isiungue. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa wakati inafanya kazi. Kama hakuna upepo, humo ndani vumbi limeshajenga. Zima, toa betri kama inatoka, fungua kifuniko cha chini, ushike feni kwa kidole isizunguke, kisha upulize. Iwekewe grisi mpya ya prosesa, maana ile ya kiwandani huwa imekauka na kuwa chaki. Na usiitumie juu ya godoro, tundu la kuvutia hewa liko chini.

Ikiendelea kuzimika baada ya hapo, mrudie yule wa pili. Wa kwanza usimrudie kamwe.