Nyumba Yako, Ardhi ya Wenyewe

Kwanza hakikisha umefika Majengo yenyewe. Kuna Majengo ya Pumwani kule Nairobi, kuna ya Moshi, kuna ya Malindi. Haya ya kwetu yako kisiwani Mombasa, ubavuni mwa barabara ya Jomo Kenyatta, ukishapita Mwembe Tayari kuelekea Makupa. Ukishuka matatu tu ukauliza "nyumba inauzwa wapi?", ushaharibu. Majengo hakuna nyumba inayouzwa. Kuna nyumba ambayo watoto wa marehemu "wanataka kugawana", na habari yake haibandikwi ukutani. Huipata barazani, kwenye kikombe cha tatu cha kahawa chungu. Cha kwanza utaulizwa watoka wapi. Cha pili, mwana wa nani. Usikirukie cha tatu. Muuza kahawa ana dele moja na hana haraka.

Dalali akishapatikana, mwache aisifu nyumba. Ataanzia barazani, akupitishe ukumbini, mahali panapoipasua nyumba katikati toka mlango wa mbele hadi uani, akufungulie vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Kule nyuma kuna jiko, choo na kisima. Tazama juu: kwenye nyumba za zamani kuta haziendi mpaka paani. Dalali atasema ni kwa ajili ya upepo, na ni kweli. Upepo huo huo ndio utakaokuletea kikohozi cha mpangaji wa chumba cha mwisho, simu ya mkewe na bei aliyonunulia samaki.

Kuhusu maji, utaambiwa yapo. Hasemi uongo. Ya kisima yana chumvi, yanafaa kuoshea ua na kumjaribu mtu imani yake kwa sabuni. Ya mfereji yanatoka mbali: mji huu umevutiwa maji toka Marere, Mzima na Baricho, na mfereji wako utakupa hewa ya kote huko. Ya kunywa yatakuja kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Mwite msukuma mkokoteni "kaka" tangu siku ya kwanza. Kiangazi kitafika.

Sasa bei. Utaiona nafuu, ucheke kimoyomoyo, uone watu wa Majengo hawajui mali. Hapo ndipo dalali, mkono mmoja uko kwenye komeo, atasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi: "Lakini hii ni nyumba bila ardhi."

Usishtuke, ndiyo mila ya mji. Mombasa nyumba ni kitu, na ardhi iliyo chini yake ni kitu kingine, kila kimoja na mwenyewe. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao waje wathibitishe madai yao waandikwe. Waliojua njia ya ofisini wakaandikwa. Wengi waliobaki wakaja kujenga juu ya ardhi ya walioandikwa, wakilipa kodi ya ardhi kila mwezi. Na kama waona haya kuwa na nyumba juu ya ardhi ya mtu, kumbuka Mwingereza naye alikuwa hivyo hivyo. Tangu 1895 hadi 1963 ukanda huu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na serikali ya kikoloni, pamoja na bendera na kofia zake, ilikuwa ikimlipa kodi. Sheria ile ya 1908 ilifutwa 2012 pamoja na wenzake kadhaa. Aliyekuwa juu ya ardhi ya mtu akaamka asubuhi yuko palepale.

Mpango huu una raha zake. Ukitaka kupandisha ghorofa, huhitaji kuumiza kichwa na ramani kabla mwenye ardhi hajakubali, na mwenye ardhi hana sababu ya kukubali. Siku akiihitaji ardhi yake, nyumba yako hakuna atakayekugombea. Ni yako, ichukue. Beba mabati, beba boriti, na mawe kama utaweza kuyabandua.

Kabla ya kutoa pesa, hesabu warithi. Marehemu aliacha mjane, naye ana thumni yake. Wana na mabinti wakagawana iliyobaki, mwana mafungu mawili, binti moja. Haya yako wazi. Lakini nyumba haikugawanywa, baadhi ya wana wakafa, wakaacha wajane na watoto wao, mmoja yuko Muscat, mwingine hajulikani kama yuko London au kagombana tu na ndugu zake. Mpaka kadhi amalize hesabu, utakuta kuna mtu anamiliki upana wa dirisha. Huyo ndiye atakayekataa kuweka sahihi. Uliza pia, kwa sauti ya chini, kama babu hakuiweka wakfu. Wakfu hauuzwi, hata kama warithi wote wamesimama mstari na kalamu mkononi.

Ukishahamia, sahani ya futari ikija toka kwa jirani usiirudishe tupu. Turubai la harusi likifungwa mlangoni kwako, hukuombwa ruhusa kwa sababu hukutarajiwa kukataa, toa viti. Wapangaji uliowakuta usiwapandishie kodi mwezi wa kwanza, maana mmoja wao ndiye ajuaye fuse iko wapi.

Na mwisho wa mwezi atakuja mzee na kijitabu, aketi kwenye baraza yako, juu ya ardhi yake. Mwamkue. Mwagizie kahawa, mlipe, na risiti usiisahau.