Kuhusu Ile Video ya Turubai

Perth, Australia

Baba Mkubwa, nanyi nyote hapo Keko,

Nimesikia kwamba tangu Mama Zawadi arushe ile video kwenye kundi la ukoo, mnaulizana kama nimerogwa. Ndiyo, ni mimi yule, saa moja asubuhi, nimevaa koti la baridi, nalimwagia turubai jipya maji kwa mpira wa bustani. Sijarogwa. Nimenunua pikapu.

Huku wanaiita yuti, nao huringa kwamba ni uvumbuzi wao. Mwaka 1934 kiwanda cha Ford kule Geelong kilitoa gari lililosanifiwa na Lewis Bandt, baada ya mke wa mkulima mmoja, ndivyo wanavyosimulia, kuandika barua akiomba gari la kwendea kanisani Jumapili na la kupelekea nguruwe sokoni Jumatatu. Mimi nguruwe sina. Nina mke, watoto wawili, na wenzangu kazini ambao kila likizo wanaacha nyumba zenye vitanda na kwenda kulala porini kwa hiari yao. Wakirudi wanasimulia kama mahujaji. Nikaona nisibaki nyuma.

Sasa, pikapu ya kulalia porini haiendi kichwa wazi. Lazima ivalishwe. Kuna kofia za aluminiamu, kuna za faibaglasi, kuna za turubai. Muuzaji akaniuliza naenda wapi. Nikamjibu bila haya: Gibb River. Hiyo ni barabara ya kilomita 660 hivi kule Kimberley, iliyochongwa kwa ajili ya kusafirishia ng'ombe, imekunjamana kama bati. Ukweli ni kwamba safari yangu ndefu kuliko zote tangu nifike ni ya saa moja na nusu, kwenda kuvua samaki.

Yule bwana akaniheshimu ghafla, akaanza somo. Kila kilo ya kofia ni kilo umeinyang'anya mizigo yako, na turubai ni jepesi. Siku ya joto unakunja pande zote juu, upepo unapita. Lakini gari likikimbia linavuta hewa kwa nyuma, na vumbi jekundu linaingia kwenye kila upenyo wa zipu, hadi kwenye unga. Akanikataza lile turubai la plastiki kama la malori: halipumui, watoto wakilala humo pumzi zao zinageuka matone na asubuhi zinawanyeshea. Chukua la pamba iliyochanganywa na poliesta. Na wezi? Akakuna kichwa. Mwizi wa turubai hahitaji ufunguo, Baba Mkubwa, anahitaji wembe.

Nikalichukua hivyo hivyo, maana faibaglasi ingenirudisha Keko kwa miguu.

Nililifikisha nyumbani likiwa limefungwa tayari: fremu ya mabomba, turubai la kijani, pande zimekunjwa. Mama Zawadi akalizunguka mara mbili, akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi. "Baba Zawadi, umetupandisha ndege tangu Dar uje utununulie chai maharage?" Nikatafuta jibu nikakosa. Ni chai maharage kabisa, imebaki mabenchi mawili na konda.

Usiku wa pili ikanyesha. Nikaingia humo na tochi: tone kwenye kila tundu la sindano, mshono mzima umepanga foleni ya matone. Nimeibiwa! Nikapiga simu dukani nikiwa na maneno ya Kariakoo mdomoni. Muuzaji akaniuliza kwa upole, "Ulilimwagia maji kwanza?" Kumbe turubai la pamba jipya huloweshwa na kukaushwa mara kadhaa, nyuzi zinavimba na kuziba matundu ya mshono. Basi ndiyo ile video. Nalilowesha lisivuje. Mama Zawadi bado haamini, ingawa mvua ya juzi haikupenyeza hata tone.

Sharti lililobaki ni kutolikunja likiwa bichi, litaota ukungu.

Ombi langu ni moja. Kamba za nyuma zinalegea nikipita rasta tu, sembuse Gibb River. Wewe umekuwa utingo wa malori ya Tunduma miaka yote ile, sijaona turubai lako likipepea. Mwambie Zuhura hapo nyumbani akurekodi unavyofunga lile fundo lako, polepole, mikono ionekane. Na anitumie mimi peke yangu, siyo kwenye kundi.