Mwongozo wa Kufundisha Wakunga, kwa Wapenda Semina

Kwanza, zima projekta. Mtoto mchanga asiyepumua haokolewi na slaidi ya 43, hata ikiwa na michoro ya rangi. Zile fulana zenye nembo ya mradi wagawie wapiga debe stendi. Unachohitaji ni mwanasesere wa mafunzo, ambu, lile puto la mpira la kupulizia hewa, na wakunga walioko zamu.

Kabla hujanuna, itazame Haydom, hospitali ya Kilutheri mkoani Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wake walipata mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Walipopimwa baadaye, kwa mwanasesere walikuwa hodari kuliko awali. Kwa watoto wa kweli, mle leba, kazi haikubadilika. Ndipo yakaja mazoezi ya dakika chache, ya mara kwa mara, palepale wodini. Vifo vya ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Tofauti hiyo ni watoto wanaorudi nyumbani na mama zao, na semina ya siku moja haikuwa imewaokoa.

Basi mtoe mwanasesere kabatini, ambako ufunguo anao mtu aliyeko likizo, umweke jirani na leba. Mkunga anayeingia zamu apite hapo kwanza: akaushe, asugue mgongo, aweke kichwa sawa, apulize. Dakika moja tu, wenyewe huiita dakika ya dhahabu. Ikiisha, mtoto awe anapumua au awe anapuliziwa.

Hapa tulia, ndipo penye kazi. Mtu akibabaika, mikono hufanya ilichozoea. Isiyozoea itafyonza makamasi tena na tena huku sekunde zinayoyoma, au itabinya ambu mbiombio bila macho kutazama kifua. Mfundishe kuhesabu kwa sauti, pumzi 40 hivi kwa dakika. Kifua hakinyanyuki? Abandike barakoa ya ambu upya, arekebishe kichwa, asafishe kinywa, aufungue mdomo kidogo, abinye kwa nguvu zaidi. Arudie hadi asihitaji kukumbuka.

Akishaiva, ongeza ghasia: zima taa, mwenzake aitwe kwingine, shangazi wa mtoto agonge mlango akiuliza, "Jamani, mbona halii?" Usianze na ghasia siku ya kwanza. Asiyezijua hatua bado atajifunza woga tu.

Yule mkubwa apendaye kusimama nyuma ya mtu akifoka, "Hata hili hujui?" mpe kazi ya kusimamia daftari la mahudhurio, chumba cha mbali. Zoezi likiisha kaeni, umuulize mkunga kwa heshima: "Dada, umeona nini? Wapi tumechelewa?" Anayeaibishwa huficha kosa, na kosa hilo hurudi saa nane usiku akiwa peke yake.

Cheti mpe, lakini usikiamini kupita miezi michache. Ujuzi huu huchuja upesi, kwa daktari bingwa sawasawa na kwa mwanafunzi.

Fedha za ukumbi wa hoteli zinunue ambu ya pili, na barakoa za namba 0 na namba 1, maana mtoto wa kilo mbili na wa kilo nne hawana uso mmoja. Zikibaki, wanunulie wakunga wa zamu ya usiku chai na maandazi.