Misingi ya Achamolojia: Vinywa katika Michoro ya Maandalizi ya Mapigano ya Anghiari

Mwanafunzi wangu, kaa wima, ufunge kinywa. Chombo cha mchunguzi hakitakiwi kufanana na kitu kinachochunguzwa.

Achamolojia ni taaluma ya uachamo. Uachamo ni hali ya taya ya chini kuihama taya ya juu kwa sababu isiyo chakula, miayo wala daktari wa meno. Taaluma nyingine zote, falaki na tiba zikiwamo, ni matawi yake, ingawa hazijaarifiwa.

Tuanze na chimbuko. Mwaka 1503 Jamhuri ya Florence ilimpa Leonardo da Vinci kazi ya kuchora, katika ukumbi wa Baraza Kuu ndani ya Palazzo Vecchio, ushindi wa Florence dhidi ya Milan uliopatikana Anghiari tarehe 29 Juni 1440. Niccolò Machiavelli, aliyekuwa shahidi wa mkataba wa kazi hiyo mwaka 1504, baadaye aliandika katika historia yake ya Florence kwamba siku ile alikufa mtu mmoja tu, naye alianguka kutoka juu ya farasi akakanyagwa. Wanahistoria wanazozana juu ya hesabu hiyo ya maiti. Waache. Sisi tunauliza swali zito: ikiwa aliyekufa ni mmoja, vinywa vyote hivi vimeachamia nini? Hapo ndipo ulipozaliwa Uwiano wa Vinywa kwa Maiti (UVM), ambao kwa Anghiari unatisha.

Aina ya 1: Kinywa-agizi. Kielelezo kiko kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa mjini Budapest: kichwa cha askari mtu mzima, kwa chaki nyeusi, nyusi zimekunjamana, kinywa kimepanuka. Utazame mfuo unaoteremka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Huo ni mkondoghadhabu. Usiuchanganye na mkunjo wa uzee, ambao una umbo lilelile, kina kilekile na uko mahali palepale, lakini ni kitu kingine kabisa.

Aina ya 2: Kinywa-itikizi. Jumba ni lilelile. Safari hii ni kijana aliyechorwa kwa ubavu, kwa chaki nyekundu. Yule wa kwanza anatoa sauti, huyu anaipokea na kuirudisha. Wapinzani wangu husema karatasi haina sauti, basi nani ajuaye aliyetangulia? Jibu ni jepesi: chaki nyekundu daima huitika baada ya nyeusi. Kanuni hii nimeithibitisha mwenyewe, kwa kuitamka mara nyingi.

Aina ya 3: Kinywa-mseto. Hapa, mwanafunzi, vua kofia. Kwenye mkusanyiko wa kifalme wa Windsor kuna karatasi moja ambamo Leonardo amepanga vichwa vya farasi waliotoa meno, kichwa cha simba na kichwa cha mtu, wote wakiwa na ghadhabu. Mjinga ataona wanyama watatu. Mwanachamolojia anaona kinywa kimoja kilichobadilisha makazi. Simba ana haki ya meno yake, kwa kuwa huyatafutia riziki. Mtu ana haki nusu. Lakini farasi, mla majani, ameyatoa meno yote kwa adui ambaye hata hanuii kumla! Hali hii naiita umenotokezi batilifu, na hugawanyika mara mbili: batilifu ya kung'ata na batilifu ya kutishia. Ya kung'ata inaonekana kwenye nakala maarufu ya Rubens iliyoko Louvre, ambapo farasi wawili wanatafunana katikati ya kugombea bendera. Hata hivyo Rubens alizaliwa mwaka 1577, ukuta aliouchora Leonardo ukiwa umekwisha kufunikwa na picha za mchoraji Vasari. Ushahidi wake ni wa kusikia, nao mtihanini haupokelewi.

Aina ya 4: Nuktakinywa. Michoro midogo ya kalamu na wino, Accademia ya Venice. Watu na farasi wamesokotana, na kichwa kizima hakifikii punje ya kunde. Kinywa chake ni nukta. Mistari ya kivuli inateremka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, maana Leonardo alitumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo ipo nuktakinywa-shoto. Nuktakinywa-kulia haipo, na ikionekana, ni uchafu wa inzi.

Aina ya 5 haina kielelezo. Imewekwa kwa sababu uainishaji wa aina nne hauheshimiki. Michelangelo, aliyepewa kuchora Mapigano ya Cascina katika ukumbi uleule, alichagua askari wanaooga mtoni Arno. Anayeoga hufunga kinywa. Hatuna haja naye.

Kuhusu ukuta wenyewe, nitasema kidogo, kwa kuwa si wa somo letu. Leonardo aliandika kwamba alianza kupaka rangi Ijumaa, tarehe 6 Juni 1505. Papo hapo hewa ikachafuka, kengele ikalia, karatasi ya kielelezo ikachanika, chombo cha maji kikavunjika, na mvua ikanyesha hadi jioni. Baadaye rangi yake ya mafuta ilikataa kushika, na kazi ikaachwa. Wengi huliita janga. Ni kutojua. Chombo kina mdomo, kengele ina mdomo. Siku ile viliachama pamoja na askari, na UVM ukapanda bila maiti hata mmoja kuongezeka.

Zoezi. Mbele ya kioo, achama kwa Aina ya 1, kisha ya 2, bila kugeuza shingo. Eleza tofauti kwa maneno yasiyozidi mia mbili. Mtahiniwa atakayeleta farasi hai atakatwa alama.